Homa ya Dhahabu na Mwenzi wa Safari



Katika upande wetu huu wa Kisarawe na Kibaha watu hawaishi kwa kuchimba dhahabu. Udongo wetu hutoa mihogo, korosho, nazi na machungwa, na katika vilima vya Pugu umo udongo mweupe wa kaolini ambao habari zake ni za tangu zamani. Walakini homa ya dhahabu imo majumbani mwetu. Haikutoka ardhini, imekuja kwa njia ya barabara. Barabara kuu iendayo Morogoro yapita Maili Moja na Mlandizi, na kila siku mabasi ya Kahama, Geita na Chunya hupita hapo. Kijana wa Maneromango au wa Mzenga hahitaji ila nauli, na rafiki mmoja wa kumwambia kwamba huko watu wanaokota. Kukicha mkeka wake u mtupu, na mama mtu auliza majirani.

Sisi tunaofundisha watoto madrasa twaulizwa na wazazi: Je, tumruhusu au tumzuie? Wengine wangependa tuseme ni haramu, mambo yakaisha. Hatuwezi kusema hivyo. Kutafuta riziki ya halali ni jambo tuliloamrishwa, na madini ni katika neema za Mwenyezi Mungu alizoziweka chini ya miguu yetu. Neno letu ni jingine. Anayekwenda kutafuta dhahabu, kwanza na amtafute mwenzi mwema, na kabla ya kushika sururu na iwepo ahadi iliyoandikwa. Hatari ya shimo kila mtu aijua. Hatari ya mwenzi wa shimoni ndiyo isiyozungumzwa.

Ili maneno haya yafahamike, tutatumia kisa cha picha moja ya sinema.

KISA CHENYEWE

Twajua wako wazee watakaokunja uso kwa kuona sinema inatajwa katika ukurasa huu. Hatukuja kuisifu sinema. Nyingi katika picha hizo hazifai kutazamwa na watoto, na siku hizi zimo hata katika simu iliyo chini ya mto wa kijana. Lakini hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, na akikiona hukiokota. Heri mzazi aketi na mwanawe, amweleze maana ya kile anachokitazama, kuliko kumwacha ajifasirie mwenyewe.

Picha hiyo yaitwa The Treasure of the Sierra Madre, yaani hazina ya milima ya Sierra Madre. Ilitolewa Marekani mwaka 1948, na ilitokana na kitabu cha B. Traven kilichotoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 1927. Aliyeiongoza ni John Huston, na mzee wa hadithi ile aliigizwa na baba yake mzazi, Walter Huston. Wote wawili, baba na mwana, walipata tuzo kubwa ya sinema ya Marekani kwa kazi hiyo moja.

Kisa chaanzia mji wa Tampico katika nchi ya Meksiko, mwaka 1925. Mtu mmoja jina lake Dobbs, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, hana kazi, naye aomba pesa njiani. Akutana na kijana mwenziwe, Curtin, aliye fukara kama yeye. Wawili hao wafanya kazi kwa tajiri mmoja naye awadhulumu ujira wao. Kisha, katika nyumba ya kulala maskini, wamsikia mzee Howard akizungumza habari za dhahabu. Mzee huyo amekwisha kuitafuta katika nchi nyingi, akaipata, akaipoteza. Awaeleza waziwazi ya kwamba tabu ya kuitafuta si kitu. Tabu ni pale inapopatikana, kwa kuwa hapo ndipo nyoyo za watu hugeuka. Dobbs acheka. Asema yeye hawezi kuwa mtu wa namna hiyo. Akipata cha kumtosha ataridhika.

Wakaenda watatu milimani, wakaipata. Siku moja shimo likamwangukia Dobbs. Curtin akafika mlangoni, akasita kidogo, kwani shetani alimnong'oneza kwamba wawili wakibaki fungu litakua. Kisha akaingia, akamtoa mwenziwe akiwa hai. Kadiri mchanga wa dhahabu ulivyoongezeka, ndivyo usingizi ulivyopungua. Dobbs akataka wagawane kila jioni, na kila mmoja afiche chake. Tangu usiku huo mtu akiamka kwenda haja, wenziwe humchungulia. Akaja mgeni, Cody, naye ataka kushirikiana nao. Wakakata shauri la kumwua. Kabla hawajalitimiza wakavamiwa na wanyang'anyi, na mgeni huyo akafa katika kupigana upande wao. Mfukoni mwake wakakuta barua ya mkewe.

Mwisho wake ni huu. Mzee Howard aliitwa na wanakijiji amtibu mtoto aliyezama majini, naye akabaki huko kwa wema wao. Wakiwa peke yao porini, Dobbs akampiga risasi Curtin, yule yule aliyemtoa chini ya kifusi, akamwacha akidhani amekufa. Akaondoka na punda wote na dhahabu yote. Karibu na mji wa Durango, hali ya kiu imemshika, wanyang'anyi wakamkuta, wakamwua. Walipofungua mifuko hawakujua kilichomo. Wakadhani ni mchanga tu, wakaumwaga. Upepo ukaja ukaipeperusha dhahabu ya miezi mingi, ikarudi ilikotoka.

DHAHABU HUFUNUA

Mtazamaji asiyefikiri atasema dhahabu ilimharibu Dobbs. Sisi twaona vingine. Watu watatu walichimba shimo moja, wakaosha mchanga mmoja, wakala chungu kimoja. Mmoja akawa mwuaji. Mmoja alijaribiwa akarudi nyuma. Mzee alikuwa akiijua nafsi yake, hata hakuthubutu kuiamini. Kama dhahabu ingekuwa sumu, wote watatu wangeugua sawasawa. Dhahabu haitii kitu moyoni, hukitoa kilichokuwamo.

Na dalili zilikuwapo mapema. Ni Dobbs aliyejisifu kwamba hatabadilika, na ni yeye aliyetaka kugawana bila ya kuaminiana. Kila mwenye kujidhamini nafsi yake mbele ya mali, huyo na atazamwe vizuri.

Hayo hayakuanzia Meksiko. Katika Sura ya Al-Qasas Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za Karuni, mtu wa kaumu ya Nabii Musa, ambaye funguo za hazina zake zilikuwa mzigo hata kwa kundi la watu wenye nguvu. Alidai mali ile ameipata kwa elimu yake mwenyewe. Watu wakamtamani, wakasema laiti nasi tungekuwa kama yeye. Wenye elimu wakawaonya. Kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Wale waliomtamani jana wakashukuru kwamba hawakupewa. Na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametupa habari, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kwamba mto Furati utafunua dhahabu, watu wataipigania, na atakayekuwapo asichukue kitu humo. Tazama hekima yake: hakutwambia tushinde vita vile. Alitwambia tusiingie.

MACHIMBO YETU

Nchi yetu ni ya dhahabu tangu zamani. Wajerumani waliichimba Sekenke, upande wa Singida, na mwaka 1916, wakati wa vita, walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya huko. Katika miaka ya 1930 watu wa kila kabila na kila rangi walimiminika Lupa, katika nchi ya Chunya. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Pembeni mwa migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, watu kwa maelfu mengi, na huko ndiko waendako vijana wetu.

Huko shimo huitwa duara. Yuko mwenye leseni ya ardhi, yuko mwenye duara, na wako wachimbaji wanaoshuka. Mara nyingi mchimbaji hana mshahara. Hulishwa tu mpaka mawe yenye dhahabu yapatikane, ndipo yagawanywe. Aweza kukaa miezi asione senti, na siku mawe yakitoka apata alichoambiwa, kwa kuwa mapatano yalikuwa ya mdomo. Hapo ndipo magomvi huzaliwa. Kijana aliyeondoka Kisarawe akiwa mpole hujikuta analinda viroba vya mawe usiku, na panga liko pembeni mwake.

Shimo nalo lina hukumu yake. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, mkoa wa Geita. Watu walichimba siku kadhaa kuwatafuta, wakapelekewa chakula kwa bomba, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu wote wakatoka wakiwa hai. Januari 2024, huko Bariadi katika mkoa wa Simiyu, udongo uliolowa mvua uliwaporomokea wachimbaji, wakafa zaidi ya 20, wengi wao vijana. Mahali pale palikuwa pamezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua hizo. Baba anayempa mwanawe nauli na amuulize pia: mvua zikinyesha, nani atakayekuwa na uwezo wa kusema leo hatushuki?

Iko na hatari isiyo na kishindo, nayo huingia mpaka jikoni. Mawe yakisha kusagwa kwa makarasha na kuoshwa, hutiwa zebaki, ikashikamana na dhahabu. Kisha donge lile huchomwa motoni. Zebaki huruka kwa moshi, dhahabu hubaki. Moshi ule haunuki wala hauonekani vizuri, lakini hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye dhaifu kuliko wote. Ole wake mtu anayechoma donge lake ndani ya nyumba, mkewe mja mzito akipika uji papo hapo. Vumbi la mawe nalo hukaa katika mapafu, likafungua mlango wa kifua kikuu.

Na hatari ya mwisho ni ya imani. Wako waganga wanaowaambia wachimbaji kwamba dhahabu haitoki ila kwa kafara. Uongo huo ndio uliochochea, hasa katika mikoa ya Ziwa, kuuawa na kukatwa viungo kwa ndugu zetu wenye ualbino, watu wasio na kosa. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyo. Muislamu anayekwenda kwa mpiga ramli amekwisha kuhasirika kabla ya kushuka shimoni. Na akisikia mtu anatajwa kuwa kafara, basi wajibu wake ni kukimbia kutoa habari kwa wenye mamlaka, siyo kunyamaza akangoja fungu lake.

HUKUMU YA MALI HIYO

Haifai kijana aende kwenye dhahabu hali hajui haki iliyomo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, dhahabu itolewayo mgodini ina zaka ya robo ya fungu la kumi, yaani mbili na nusu kwa mia, ikifika kiwango. Kiwango chake ni mithkali 20, ambazo wanavyuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa gramu 85. Haingojewi mwaka, zaka hutolewa ikisha kusafishwa. Hazina iliyozikwa na watu wa kale kabla ya Uislamu, hiyo ndiyo yenye haki ya fungu moja la tano.

Kuuza dhahabu kwa fedha nako ni kwa mkono kwa mkono, katika kikao kimoja. Na ajihadhari na tajiri anayemkopesha unga na pesa kwa sharti la kumwuzia dhahabu kwa bei ya chini. Mkopo unaomvutia mkopeshaji faida kwa sharti ni riba, hata ukiitwa msaada.

MAMBO MANNE KABLA YA NAULI

Sasa twarudi kwa mzazi aliyetuuliza. Kijana wako akisema anataka kwenda, usimpigie kelele, kwani atatoroka usiku. Mketishe, mama yake awepo, na mkewe awepo kama anaye, kisha muulize mambo manne.

La kwanza: Waenda na nani? Mtume (S.A.W.) amefananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mwovu na mfua chuma anayevuvia moto: huyu usipoungua nguo zako kwake, hukosi harufu mbaya. Basi na aletwe huyo rafiki nyumbani, ale chakula, aonekane. Je, aswali? Je, analipa madeni? Alipokuwa na mali kidogo aliitumiaje? Mtu aliyekudhulumu katika gunia la korosho hatakuwa mwaminifu katika dhahabu.

La pili: Mmeandikiana nini? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya kuandika deni, iliyo katika Sura ya Al-Baqara, na ndani yake mwatajwa mwandishi na mashahidi. Basi yaandikwe majina, fungu la kila mmoja, gharama ni za nani, na mmoja wao akiugua au akifa haki yake itamfikia nani. Wakumbuke pia kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka leseni ya uchimbaji mdogo kuwa ya raia, na kwamba tangu mwaka 2019 yako masoko ya madini ya Serikali ambamo dhahabu hupimwa na kuuzwa hadharani. Anayekataa karatasi na anayekataa soko, huyo amekwisha kusema yaliyo moyoni mwake.

La tatu: Wamwacha nani nyuma? Mtu mmoja alipomwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda jihadi, aliulizwa kama wazazi wake wako hai, naye akaambiwa akajitahidi katika kuwatumikia. Ikiwa jihadi ilikuwa hivyo, shimo la Chunya litakuwaje? Mwenye mke na aache nafaka ya miezi inayojulikana, si ahadi ya kutuma. Aliyeolewa si kitu cha kuwekwa rehani mpaka mume abahatike. Na mwenye deni au amana ya watu na aandike wasia wake, kama tulivyofundishwa.

La nne: Utarudi lini? Hili ndilo gumu kuliko yote. Mzee Howard alizunguka na homa hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe, kwa kuwa kila alipopata alisema kidogo bado. Basi itajwe siku, mbele ya mashahidi wa nyumbani: apate asipate, atarudi. Kama alikwenda kutafuta mtaji wa shamba la minazi Masaki, au wa duka Mlandizi, kiasi chake kitajwe na kiandikwe. Kikifika, anarudi. Mtu asiyeweza kutaja kiasi cha kumtosha hali hajapata hata chembe, hatakitaja akiwa nayo mkononi.

Kijana atakayejibu yote manne, mwombeeni dua, mpeni nauli, naye aende kwa amani. Asiyejibu, mwambieni angoje. Labda Mwenyezi Mungu atamfungulia riziki pale pale alipo.

FUNGU LA MJANE

Katika kisa kile jambo moja halisimuliwi sana na watazamaji, na sisi tungependa litazamwe kuliko bunduki. Kabla ya kuondoka, mzee Howard aliwaambia wenziwe wasiuache mlima na majeraha. Wakakaa siku kadhaa wakifukia mahali walipochimba. Ni adabu hiyo! Katika machimbo mengi mashimo huachwa wazi, ng'ombe wakatumbukia, na watoto wakatumbukia. Na waliposoma barua ya yule mgeni aliyekufa, Curtin na mzee walitaka mjane wake apewe sehemu ya walichopata. Dobbs aliwacheka.

Upepo ulipokwisha kuichukua dhahabu, mzee alibaki na kijiji kilichomheshimu kwa sababu aliponya mtoto wao. Curtin alishika njia kwenda kumtazama yule mjane. Watu hao wawili walipoteza kila kitu, nao walikuwa na mahali pa kwenda. Dobbs alikuwa na kila kitu juu ya punda, na hapakuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akimngoja.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali, awape wenzi wema wa safari, na awarudishe salama kwa mama zao. Amin.